Kumbukumbu, usemi au kuona: uchague uwanja gani kwa memwari yako hapa Lubumbashi?

Kila kipindi cha kuweka mada kinapokaribia, wanafunzi wa saikolojia huniletea swali lile lile: asistenti, nichukue kumbukumbu, usemi au kuona? Nyanja zote tatu zinavutia mkiwa ukumbini, kwa sababu mwalimu huwaletea matokeo yaliyokwisha kuiva. Memwari, yaani tasnifu ya kumaliza masomo, ni kazi nyingine. Utahitaji watu wa kukupa muda wao, vifaa, chumba, umeme, na swali ambalo halijajibiwa mara mia huko Marekani na Uingereza. Nazilinganisha hapa kwa kutazama hayo, na nina upande, nausema mapema: mwanafunzi wa lisansi namshauri aanzie kumbukumbu. Wa masta mwenye sikio zuri na subira aende kwenye usemi, maana huko mji wetu una mali ambayo maabara za Ulaya hazina. Kuona nakuweka nyuma, ingawa ipo njia moja ya kukuchunguza ambayo naipenda sana.

Kumbukumbu: karatasi, saa na swali zuri

Hermann Ebbinghaus alichapisha kazi yake mwaka 1885. Alikuwa na orodha za silabi zisizo na maana, saa, na mshiriki mmoja tu, yaani yeye mwenyewe. Alijifunza orodha hadi ikakaa, akaacha muda upite, kisha akapima ni juhudi kiasi gani anaokoa anapojifunza tena. Ndipo ukatoka mchoro wa usahaulifu: tunapoteza nyingi saa za mwanzo, halafu kasi inapungua. Mwaka 2015 Murre na Dros walirudia jaribio lile wakapata mchoro unaofanana sana na wa kwanza. Uwanja ambao kazi inaweza kurudiwa baada ya miaka 130 kwa vifaa vile vile na ikasimama, huo ndio uwanja salama kwa mtu anayeanza.

Sasa tuje kwa swali ambalo linatuhusu sisi hasa. Kuna kipimo kinachojulikana na kila mwanafunzi: unasoma tarakimu, moja kila sekunde, mtu anazirudia kwa mpangilio, unaongeza moja moja hadi ashindwe. George Miller mwaka 1956 alitaja saba, kuongeza au kupunguza mbili. Nelson Cowan mwaka 2001 alishusha hadi karibu nne, mtu akizuiwa kujirudia-rudia moyoni. Huko kujirudia ndiko Alan Baddeley na Graham Hitch walikokupa nafasi katika nadharia yao ya 1974: kuna kitanzi cha sauti kichwani kinachozungusha maneno ili yasififie. Mwaka uliofuata Baddeley na wenzake walionyesha kwamba kitanzi hicho kinabanwa na muda. Mtu anakumbuka takriban maneno anayoweza kuyatamka ndani ya sekunde mbili hivi. Maneno yakiwa marefu, yanayobaki ni machache.

Mwaka 1980 Ellis na Hennelly wakapeleka jambo hilo Wales. Watoto wanaosema Kiwelsi walikuwa wakipata alama ndogo kwenye kipimo cha tarakimu kuliko watoto wa Kiingereza, na alama hizo huingia kwenye jumla ya kipimo cha akili (IQ). Kumbe tarakimu za Kiwelsi huchukua muda mrefu zaidi kutamkwa. Watoto hawakuwa na upungufu wowote.

Hesabu basi za kwetu. Kuanzia un hadi neuf, Kifaransa kinatumia silabi moja kwa kila tarakimu. Kuanzia moja hadi tisa, Kiswahili kinatumia mbili mbili, na mtu wa hapa anayesema munane badala ya nane anaongeza ya tatu. Ikiwa nadharia ni sahihi, mtu yule yule wa mtaa wetu wa Kamalondo atashika tarakimu nyingi zaidi kwa Kifaransa kuliko kwa Kiswahili, hata kama Kiswahili ndicho alichonyonya kwa mama. Na angalia tunavyopeana namba za simu: wengi wetu tunaongea Kiswahili barabara, tukifika kwenye namba tunaingia Kifaransa. Je, ni mazoea ya shule, au ni kitanzi kinachotafuta njia fupi? Hayo ni maelezo mawili yanayoshindana, na kuna jaribio la kuyatenganisha. Onyesha tarakimu kwa macho, kwenye kadi, huku mshiriki akitamka mfululizo silabi isiyohusika, la-la-la-la. Hapo kitanzi kinazibwa. Tofauti ya lugha ikifutika, urefu wa maneno ndio uliokuwa ukifanya kazi. Ikibaki, shule inahusika. Kadi, saa ya simu, daftari. Washiriki 40 unawamaliza wiki mbili bila kuomba vifaa kwa mtu yeyote.

Kwa anayetaka kitu chenye mshangao zaidi, kuna orodha za Roediger na McDermott za mwaka 1995, walizoziendeleza kutoka kwa kazi ya Deese ya 1959. Msomee mtu hivi, taratibu: kitanda, mto, shuka, blanketi, usiku, ndoto, kukoroma, uchovu, miayo, chandarua, kuamka, giza. Mwambie aandike anayoyakumbuka. Wengi wataandika usingizi, na wataapa walilisikia. Katika majaribio yao mawili, neno ambalo halikusomwa kabisa liliandikwa kwa asilimia 40 katika la kwanza na 55 katika la pili. Lakini usidhani unaweza kuchukua orodha za Kiingereza, ukazigeuza Kiswahili, ukaanza. Orodha hizo zilitokana na kuuliza watu neno gani huwajia kichwani wakisikia neno fulani, na yanayomjia mtu wa Lubumbashi ni mengine. Chukua neno bukari, yaani ugali, waulize watu mia moja: sombe, mboga ya majani ya muhogo, itakuja, makala itakuja, maji ya moto yatakuja. Kutengeneza orodha hizo kwa Kiswahili cha hapa, kwa utaratibu, ni memwari inayojitosheleza, na atakayekuja nyuma yako atakushukuru.

Upande wa ushahidi wa mashahidi uko pia na unajulikana: Loftus na Palmer mwaka 1974 waliwaonyesha wanafunzi filamu za magari yakigongana, kisha wakabadilisha kitenzi kwenye swali. Walioulizwa kwa kitenzi kikali walikadiria kasi kubwa zaidi. Katika jaribio la pili, baada ya wiki moja, 16 kati ya 50 waliosikia kitenzi kikali walisema waliona vioo vilivyovunjika, dhidi ya 7 kati ya 50 waliosikia kitenzi cha kawaida. Vioo havikuwepo. Jaribio hili linarudiwa kwa urahisi, ukiwa na filamu fupi kwenye simu.

Hapa nina onyo, na nalisema kwa uzito. Katika nchi yetu wapo watu wengi waliokimbia vita, na wengine wanaishi mitaa yetu. Usiende kwao na daftari kupima wanakumbuka nini kuhusu siku ile mbaya. Mwanafunzi hana mafunzo ya kumshika mtu anayevunjika katikati ya mahojiano. Kumbukumbu ya tarakimu, ya hadithi, ya sura, ya barabara: hayo yanatosha kabisa, na nadharia unayoijaribu ni ile ile.

Jambo la mwisho upande huu ni la nyumbani. Waluba walikuwa na lukasa, ubao wa mbao uliopambwa kwa shanga na makombe. Wajuzi wa chama cha Mbudye waliushika kwa mkono wa kushoto wakaupapasa kwa kidole cha mkono wa kulia, huku wakisimulia habari za wafalme, safari na mipaka. Masimulizi yalibadilika kulingana na msomaji na shughuli yenyewe. Mwaka 1932 Frederic Bartlett wa Cambridge aliandika kwamba kukumbuka ni kujenga upya, si kufungua sanduku. Watu wa Mbudye walikuwa wamelijengea jambo hilo chombo kabla yake. Sijaona njia nzuri zaidi ya kufungua sura ya kwanza ya memwari kuhusu viashiria na kumbukumbu, ikiandikwa katika mji huu.

Usemi: penye utajiri, na penye jasho

Ukiniuliza ni wapi mtu wa Lubumbashi anaweza kusema jambo ambalo ulimwengu haujalisikia, nitakwambia ni hapa. Makusanyo maarufu ya makosa ya ulimi, kama yale ambayo Victoria Fromkin aliyatumia mwaka 1971 kuonyesha kwamba sauti na silabi ni vipande halisi akilini, yalitoka kwenye Kiingereza na lugha chache za Ulaya. Sisi tunasema lugha zenye ngeli. Mtu anayetaka kusema kile kitabu ameshachagua kile kabla kitabu hakijatoka mdomoni, kwa hiyo ngeli ya neno lijalo imeshafika mbele yake. Je, ulimi unapoteleza na kuleta nomino nyingine, kiambishi kinafuata nomino mpya au kinabaki na ile ya zamani? Jibu lingeeleza mengi kuhusu jinsi akili inavyopanga sentensi. Na Kiswahili cha hapa kinaongeza utamu, maana kimelegeza upatanisho wa ngeli huku kikishikilia ka na tu za udogo, katoto, tutoto. Kuna mizani mbili za kulinganisha ndani ya mji mmoja: Kiswahili cha kanisani na darasani, na Kiswahili cha sokoni.

Kisha kuna kuchanganya lugha. Sentensi kama «Nilikuappeler hier, mais réseau haikukuwa» (nilikupigia jana, lakini mtandao haukuwepo) hutoka mdomoni bila mtu kusita. Meuter na Allport mwaka 1999 waliwapa watu wa lugha mbili tarakimu za kutaja, wakibadilisha lugha kulingana na rangi ya skrini. Kubadilisha kulichelewesha jibu, na kilichoshangaza ni kwamba kurudi kwenye lugha waliyoizoea zaidi kulichelewesha kuliko kwenda kwenye lugha dhaifu. Maelezo yao: ili useme lugha dhaifu, lazima uikandamize sana ile yenye nguvu, na kuiamsha tena kunachukua muda. Mwaka 2009 Gollan na Ferreira wakaacha watu wachague wenyewe lini wabadilishe, na gharama hiyo ikawa na sura nyingine. Sasa mfikirie mtu wa Katuba anayezungumza Kibemba na nyanya yake, Kiswahili na jirani, Kifaransa ofisini, na Lingala wimbo ukipigwa. Lugha yake yenye nguvu ni ipi? Wenzetu wa Ulaya hugawa washiriki kwa lugha ya kwanza na ya pili, na mambo yanakwisha. Hapa mgawanyo huo unakataa, na kukataa kwake ndiko kunakofanya swali liwe la kweli.

Nimesifia, sasa jasho. Kumbukumbu unaweza kuipima kwa wanafunzi thelathini kwa mpigo ukumbini. Usemi unaupima mtu mmoja mmoja, kwa sauti, na sauti ndiyo adui yako wa kwanza. Mvua juu ya mabati, pikipiki, jenereta ya jirani, muuza yuniti anayeita wateja: vyote vinaingia. Njia ya bei nafuu ninayowashauri wanafunzi ni chumba cha kulala chenye godoro, pazia nzito na nguo zilizotundikwa, kwa sababu vitambaa vinameza mwangwi. Simu iwe sentimita ishirini kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi isiipige, na iwekwe kwenye hali ya ndege. Rekodi bila kubana sauti, ikiwezekana kwa faili la aina ya WAV. Fanya kazi saa za asubuhi mapema. Msimu wa kiangazi ni mzuri kuliko Januari.

Programu haina gharama. Praat, ya Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, inapakuliwa bure na inaenda hata kwenye kompyuta ya zamani. Nikuonyeshe jinsi kazi inavyokuwa. Unafungua rekodi ya mtu akitaja picha ya mbuzi. Kwenye skrini unaona wimbi la sauti juu na kivuli cha masafa chini. Unatafuta pale sauti inapoanza, na tatizo linakukuta hapo hapo: neno mbuzi linaanza na mvumo mdogo wa m kabla midomo haijaachia b. Je, jibu limeanza kwenye mvumo au kwenye mlipuko? Ukiamua mvumo, muda unakuwa mfupi; ukiamua mlipuko, muda unarefuka. Uamuzi wowote unafaa mradi uuandike na kuufuata kwa kila mshiriki, kisha umpe mwenzako apime sehemu ya rekodi bila kujua majibu yako ili muone kama mnakubaliana. Mashine iliyotengenezwa kwa Kiingereza haitakuamulia hilo.

Na kuandika maneno yaliyorekodiwa kunakula muda kuliko mwanafunzi yeyote anavyotazamia. Saa moja ya mazungumzo huru yenye lugha tatu inaweza kukumalizia siku kadhaa. Ndiyo maana namwelekeza wa masta huku, na wa lisansi namzuia kwa upole, isipokuwa achukue kipande kidogo: kutaja picha, au kutaja tarakimu, badala ya mazungumzo.

Jambo moja kuhusu makosa ya ulimi. Ukiyakusanya kwa kusikiliza tu na kuandika daftarini, utapata yale yanayochekesha, na utayakosa madogo. Matangazo ya redio yanasaidia, maana yanarudiwa kusikilizwa. Mazungumzo ya watu faraghani yanahitaji ruhusa yao kabla ya kubonyeza kitufe.

Kuona: macho hudanganya, na skrini pia

Kuona kuna maonyesho yanayopendwa kuliko yote. Simons na Chabris mwaka 1999 waliwaambia watu wahesabu pasi za mpira kwenye filamu. Karibu nusu hawakumwona mtu aliyevaa vazi la sokwe akipita katikati. Kila mwaka mwanafunzi mmoja anataka kuirudia. Simshauri. Filamu hiyo imezunguka kwenye simu za watu wengi mno, na mshiriki anayejua sokwe anakuja hana faida kwako. Ukitengeneza yako, na kitu kingine kipite, sawa, ila swali lenyewe limeshajibiwa sana.

Ugumu mkubwa uko kwenye vipimo. George Sperling mwaka 1960 aliwaangazia watu herufi 12 kwa milisekunde 50. Walitaja nne hivi, lakini alipowaambia kwa mlio wataje safu moja tu, ilionekana walikuwa na nyingi zaidi machoni kwa kitambo kidogo. Jaribio zuri ajabu. Skrini ya kawaida hubadilika mara 60 kwa sekunde, kila mabadiliko yakichukua karibu milisekunde 17, kwa hiyo milisekunde 50 ni mabadiliko matatu kamili, hayazidi wala hayapungui. PsychoPy, programu ya bure aliyoianzisha Jonathan Peirce wa Nottingham, inaweza kulisimamia hilo, mradi kompyuta iwe imechomekwa. Delestaji, yaani mgao wa umeme, ikija, betri inashika, kompyuta inapunguza mwanga na kasi ili ijiokoe, na washiriki wa mchana hawafanani tena na wa asubuhi. Kwenye kumbukumbu, umeme ukikatika unasogea dirishani na kadi zako. Kwenye kuona, siku imekwisha.

Ongeza umbali. Sentimita moja kwenye skrini ni digrii moja ya jicho ukiwa sentimita 57 mbali. Mtu akijisogeza mbele, kila kitu kimebadilika. Ongeza miwani, maana wengi wanaohitaji miwani hawana. Ongeza rangi: bamba za Ishihara za kupima upofu wa rangi, zilizotoka 1917, hazifai kabisa zikitolewa fotokopi ya rangi, wino wa mashine unabadilisha kile kile kinachopimwa.

Kuna jambo zito zaidi. Utafiti wa kuona katika Afrika una historia ambayo mwanafunzi wetu lazima aijue kabla hajachora mstari mmoja. Mwaka 1960 William Hudson, akifanya kazi Afrika Kusini, alichapisha matokeo ya picha za mwindaji, swala na tembo aliyechorwa mdogo kwa mbali. Aliwaonyesha wafanyakazi wa migodi na wengine, akahitimisha kwamba wengi wasiosoma hawaoni kina kwenye picha. Watafiti waliofuata walionyesha kwamba michoro yenyewe ilikosa viashiria vingi vya umbali, na ukiviongeza majibu yanabadilika. Mji wetu ni mji wa migodi. Tunajua vizuri mtihani wa karatasi unaweza kumfanyia nini kijana anayetafuta kazi.

Segall, Campbell na Herskovits mwaka 1966 walifanya kwa uangalifu zaidi. Walichukua mistari ya Müller-Lyer, ile yenye mishale inayofanya mstari mmoja uonekane mrefu kuliko mwenzake, wakaipeleka kwa jamii nyingi. Watu wa Evanston, Marekani, walidanganyika sana: mstari mmoja ulipaswa kurefushwa karibu moja ya tano ndipo waone unalingana. Wawindaji wa Kisan wa kusini mwa Afrika karibu hawakudanganyika kabisa. Maelezo yao yalikuwa kwamba aliyekulia kwenye nyumba za pembe mraba hujifunza kusoma pembe kama umbali. Gustav Jahoda, mwaka huo huo, alilinganisha jamii za Ghana zenye nyumba tofauti na hakupata tofauti iliyotarajiwa. Kwa hiyo ukitaka kulinganisha watoto wa Kamalondo, waliokulia kwenye barabara zilizonyooka kama rula, na watoto wa kijijini, jua unaingia kwenye mjadala wa zamani. Watoto hao wanatofautiana pia kwa shule, picha, simu na umri wa kuanza kushika kalamu.

Njia ninayoipenda ni ya Robert Serpell, aliyefanya kazi miaka mingi Chuo Kikuu cha Zambia, majirani zetu kabisa. Mwaka 1979 alichapisha ulinganisho wa watoto wa Lusaka na wa Manchester. Aliwapa maumbo wayaige kwa njia mbalimbali. Kwa kalamu na karatasi, Waingereza walishinda. Kwa waya, Wazambia walishinda. Kwa udongo wa kufinyanga hapakuwa na tofauti. Kwa nini waya? Watoto wa Lusaka huunda magari ya waya, kama wa mitaa yetu ya Ruashi na Kenya hapa Lubumbashi: fremu, usukani mrefu wa kusukumia ukiwa umesimama, magurudumu yanayokata kona kweli. Angepima kwa kalamu tu, angeandika kwamba watoto wa Kiafrika wana udhaifu wa kutambua maumbo. Alipima kwa waya pia, na udhaifu ukahama. Umbo, waya, udongo, kalamu, watoto wa shule mbili, ruhusa ya wazazi na ya mkuu wa shule. Hakuna skrini wala milisekunde. Mwanafunzi akiniletea kuona kwa njia hii, nasaini.

Nani achukue nini

Ukiwa na mwaka mmoja, huna kompyuta yako, na unafundisha au unakusudia kufundisha, chukua kumbukumbu, na ndani yake tazama jambo la Roediger na Karpicke la mwaka 2006. Wanafunzi waliosoma matini mara mbili walikumbuka zaidi baada ya dakika tano, asilimia 81 dhidi ya 75. Baada ya wiki moja, waliojipima kwa kujaribu kukumbuka walikuwa mbele, asilimia 56 dhidi ya 42. Katika shule ambazo kitabu ni kimoja kwa benchi zima na mwalimu huandika somo ubaoni, njia inayohitaji karatasi tupu tu ina thamani kubwa.

Ukiwa na simu nzuri, masikio yanayotambua lafudhi ya mtu kabla hajamaliza salamu, na lugha ya tatu ya nyumbani kwenu, usiikimbie hiyo lugha kwa kudhani memwari ya maana huandikwa kuhusu Kifaransa. Chukua usemi. Kwa takwimu jiandae: muda wa majibu huwa na mkia mrefu kwa sababu ya kikohozi na kusitasita, na wastani peke yake utakudanganya. Tumia pia kati, yaani thamani inayokaa katikati ukipanga majibu kutoka fupi hadi refu.

Na kwa yule anayetaka kuona na usemi kwa pamoja, lipo jaribio linalokaa mpakani. Harry McGurk na John MacDonald mwaka 1976 waliweka sauti ya ba juu ya uso unaotamka ga, na asilimia 98 ya watu wazima wakasema wamesikia da. Ukifumba macho unasikia ba. Ukifumbua, da inarudi. Unaweza kuitengeneza kwa simu na programu ya kuhariri video, kazi ngumu ikiwa kulinganisha mwanzo wa sauti na mwanzo wa mdomo, fremu kwa fremu. Katika Kibemba, d na g hazisimami peke yake, huja baada ya n tu. Mtu aliyekulia Kibemba akajifunza Kiswahili shuleni atasikia nini, na aliyekulia Kiswahili tangu utotoni atasikia nini? Utahitaji washiriki wa makundi mawili ambao umewahoji kwa kina lugha walizokulia nazo, chumba kimoja, skrini moja, na spika za sikio zinazofanana kwa wote. Anayetaka mada hiyo aje nayo mapema, kabla mvua hazijaanza kupiga mabati.